Namna ya Kumdhamini Ndugu Bila Kuuza Shamba la Bibi

Anza na sufuria kubwa la chai. Ita ndugu wote, na mjomba afike kabla mtu hajataja fedha, kwa sababu Waluguru tunafuata ukoo wa mama na shamba litakalotajwa hapo si la mtu mmoja. Sisi tulikaa jikoni, Nyandira huko Mgeta, mvua inapiga bati. Dada alikuwa hewani kutoka Marekani, simu tumeiegemeza kwenye kopo la sukari ili wote tumsikie.

Kisha hesabuni vichwa upya. Ombi la kumchukua ndugu wa tumbo moja kwenda Marekani hukaa foleni zaidi ya miaka kumi. Mdogo wetu aliombewa na dada akiwa kijana asiye na hata godoro. Zamu yake ilipofika alikuwa na mke na watoto wawili. Fomu ya dhamana, I-864, inamtaka mdhamini awe na kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani, na kiwango hicho hupanda kwa kila mtu anayeongezeka. Dada alijipanga kumbeba mmoja. Wakawa wanne.

Kipato kisipotosha, msimbembeleze binamu asaini "kusaidia tu". Mdhamini mwenza anabeba mzigo wote, si nusu. Msomeeni fomu kwa sauti, polepole: aliyedhaminiwa akichukua misaada ya serikali inayotolewa kwa watu wa kipato cha chini, mdhamini anaweza kudaiwa airudishe. Kugombana hakuvunji dhamana. Hata aliyemdhamini mke au mume, talaka haimtoi. Dhamana hukoma aliyedhaminiwa akipata uraia wa Marekani, akihesabiwa robo-mwaka 40 za kazi, yaani kama miaka kumi, akihama nchi hiyo moja kwa moja, au akifariki. Na huo uraia nao una gharama yake: mtu mzima akiuchukua kwa hiari anapoteza wa Tanzania, na haki yake ya ardhi huku haibaki ile ya raia. Ulizeni mapema nani atalima sehemu yake.

Halafu ndipo fedha. Ada ya viza tuliambiwa dola 325 kwa kila kichwa, mtoto wa kubebwa mgongoni sawa na baba yake. Pasipoti shilingi 150,000 kila moja. Bado vipimo vya afya, bado tiketi. Hapo mtu atakohoa na kusema, "Si tuuze tu lile la bondeni?"

Niliiogopa sentensi hiyo tangu asubuhi. Lile la bondeni ndilo shamba la bibi, la karoti. Ndilo lililonisomesha, na ndilo linalomlisha mama mpaka leo. Viza inaweza kukataliwa na ada isirudi. Shamba likishauzwa hulirudishi kwa kuomba. Likodisheni misimu miwili, kwa maandishi, tarehe ya kurudi iandikwe. Kinachopungua, kila mtu aseme kiasi chake mbele ya wenzake, na anayeondoka aseme atarejesha lini.

Mjomba aliandika yote kwenye daftari la shule la mjukuu wake. Mdogo wetu akasaini wa kwanza, mkewe akafuata, dada akatamka kiasi chake kwenye simu mara mbili. Mjomba akalifunga daftari kwa kipande cha kanga, akalipandisha darini juu ya jiko, moshi ulilinde na mchwa.