Mgeni wa Chumba cha Uani

Binti yangu aliomba kompyuta ya nyumbani kwa siku moja. Siku moja ikazaa wiki nzima. Alitaka Ubuntu ikae ndani ya Windows kama kompyuta pepe, kwa programu ya VirtualBox, ili atengeneze ukurasa wa kupokelea oda za vitumbua vya bibi yake.

Bando lote liliishia kwenye kupakua faili la Ubuntu. Kisha VirtualBox ikatuonyesha mifumo ya biti 32 tu, ya biti 64, ambayo Ubuntu yetu ilihitaji, hakuna hata mmoja. Tuliifuta na kuisakinisha upya mara tatu. Baba watoto akasema kompyuta imezeeka. Haikuzeeka. Binti aliizima, akaiwasha huku akibonyeza F2, akaingia kwenye baiosi. Humo tukakuta VT-x imefungwa, na bila hiyo prosesa haibebi kompyuta pepe ya biti 64. Akaifungua, orodha ikajaa.

Usiku ule Ubuntu iliwaka, intaneti ikaingia, binti akaweka ukurasa wake humo. Bibi akaacha kukoroga unga, akafuta kidole gumba kwenye kanga, akaandika kwenye simu anwani ya ile kompyuta pepe, kama alivyosomewa: 10.0.2.15. Simu ikazunguka weee, wapi! Akarudia taratibu, tarakimu moja moja, akidhani kakosea yeye. Niliumia, maana bibi wa watu hakukosea kitu.

Kilichotuzuia ni NAT, mpangilio ambao VirtualBox huanza nao. Kompyuta pepe hutoka nje kwa mgongo wa ile inayoibeba, na anwani yake haijulikani kwa ruta wala kwa simu. Ni kama mpangaji wa chumba cha uani: sokoni anakwenda apendavyo, ila mgeni wake sharti apitie mlango wa mbele, na pawe na mtu wa kumwelekeza. Tulijaribu kuiunganisha na ruta ipate anwani yake yenyewe, waifai yetu ikagoma. Basi binti akaelekeza poti: atakayebisha 8080 kwenye kompyuta ya nje apelekwe poti 80 ya ile ya ndani. Simu bado kimya, mpaka tulipoiruhusu poti 8080 kwenye ngome ya Windows pia.

Saa tano usiku bibi akaandika anwani ya kompyuta ya nje, 192.168.1.7, nukta pacha, 8080. Ukurasa ukafunguka. Akausoma wote, midomo ikicheza.

“Mjukuu wangu, hapa umeandika vitumbua vya nazi. Kwani vyangu vipi havina nazi?”