Uwanja Ulijaa, Ligi Ikafa

Acheni kusema Wamarekani hawapendi soka! Tukikaa tu hapa Savage kahawa ikaanza kumiminwa, hakosekani mtu wa kutuambia ligi yao ya zamani ilikufa kwa sababu watu wa Minnesota wanajua hoki na ile futiboli ya helmeti basi. Nani kawadanganya? Vukeni mto hapo muingie Bloomington. Pale penye Mall of America palikuwa na Metropolitan Stadium, na mwaka 1976 ililetwa pale timu iliyoshindwa kupata watu Denver, ikaitwa Minnesota Kicks. Msimu huohuo wa kwanza, nusu fainali na San Jose iliingiza watu 49,572. Vijana walifika mapema, wakachoma nyama kwenye maegesho ya magari, wakaingia uwanjani wameshapiga kelele za kutosha. Kwenye fainali, timu ya Toronto iliwafunga 3–0, na mwaka uliofuata watu wakarudi vilevile.

Halafu Agosti 14, 1978. Wakaja New York Cosmos, Cosmos ya Beckenbauer na Chinaglia, timu ya kampuni ya Warner yenye pesa za filamu na muziki. Kicks wakawapiga 9–2! Alan Willey peke yake kafunga matano. Jamani, matano! Na bado Kicks wakatolewa, maana marudiano Cosmos walishinda na sheria za ligi hazikujumlisha mabao ya mechi mbili. Mimi nikilikumbuka hilo nasonya mpaka leo.

Sasa niambieni timu kama hiyo inakufaje. Desemba 1981 ilivunjwa. Mwishoni watazamaji walikuwa wamepungua, sikatai, lakini tazameni wenye ligi walivyokuwa wakifanya. Ligi yenyewe, NASL, ilianza 1968. Pele alipotua Cosmos mwaka 1975, kila tajiri akataka timu yake. Mwaka 1978 ligi ikaruka kutoka timu 18 hadi 24 kwa mpigo mmoja. Ada za kujiunga za matajiri wapya zikaingia, wenye timu za zamani wakachekelea. Wengi wa wale matajiri wapya soka walikuwa hawaijui. Walichokijua ni kwamba Cosmos wana nyota, basi na wao wakaagiza nyota wa Ulaya kwa mishahara ambayo tiketi haziwezi kuilipa hata uwanja ufurike. Walitegemea televisheni. Kituo cha ABC kilianza kuonyesha mechi 1979, kikaacha baada ya msimu wa 1980. Hapo ndipo hesabu zikaumbuka: timu 24 zikawa 21, zikawa 14, 12, na mwaka 1984 zikabaki 9. Warner nao, kampuni yao ya michezo ya video, Atari, ikawatia hasara kubwa 1983, wakachoka kubeba Cosmos. Machi 28, 1985 ligi ikasimamishwa, isiamke tena.

Minnesota walijaribu tena 1984 kwa timu iliyohamishwa kutoka Fort Lauderdale. Siku waliyojaza watu zaidi ya 50,000 ndani ya uwanja wa Metrodome, bendi ya Beach Boys ndio walikuwa wanapiga muziki baada ya mechi. Kuna tajiri anayeona hilo ni soko la soka? Mchezaji aliyehamisha mke na watoto kuja kwenye baridi hii alihitaji mshahara wa mwezi ujao, si umati wa siku moja.

Ndiyo maana wenye ligi ya sasa, MLS, walipoanza 1996 walibana mishahara kwa kikomo, na mikataba ya wachezaji ikashikwa na ligi yenyewe. Watu wanalalamika kwamba inabana sana. Ibane! Ligi ikiwa na nguvu inaweza kuibeba timu: mwaka 2011 timu ya hapa, NSC Minnesota Stars, ilichukua ubingwa wa ligi ya daraja la pili ikiwa haina mwenyewe, inalelewa na ligi hiyo. Bill McGuire akainunua 2012, leo ni Minnesota United, ina uwanja wake Saint Paul.

Na wewe mzee wangu wa Kisumu unayetikisa kichwa, kwenu haikutokea? Kampuni ya kamari ya SportPesa ilipositisha udhamini Kenya mwaka 2019 baada ya mvutano wa kodi na serikali, klabu za Gor Mahia na AFC Leopards zilihangaika kulipa wachezaji. Utaniambia Gor Mahia ilikosa mashabiki? Hao walikuwepo kabla mdhamini hajazaliwa. Waliotia sahihi bajeti nzima wakaegemea mfuko wa mtu mmoja ndio wa kuulizwa, Nairobi kama Bloomington, na waulizwe kwa majina yao.