Jinsi ya Kuchagua Ganda la Risasi Bila Kugombana na Muuzaji

Kabla ya yote, tafuta sumaku. Ile ndogo inayobana karatasi kwenye mlango wa friji inatosha kabisa. Ingia nayo katika duka lolote la bunduki huko Texas au Arizona, upite katikati ya wanaume wawili wanaobishana tangu asubuhi kama ganda la shaba ni bora kuliko ganda la chuma, na uende moja kwa moja kwenye rafu. Wao wana kelele, wewe una kipimo.

Ubishi wenyewe ni mkubwa kuliko kitu kinachobishaniwa. Ganda ni kile kikopo chenye baruti ndani, fataki kitakoni na kichwa cha risasi mdomoni. Bunduki ikilia, ganda linabaki kwenye chemba, kisha linatolewa na kutupwa pembeni. Kinachosafiri kwenye mtutu ni kichwa peke yake. Watu wazima wenye akili timamu humlaumu aliyebaki nyumbani kwa makosa ya aliyesafiri, nao wanaghadhibika ukiwakumbusha.

Anza na shaba, maana ndiyo yenye wafuasi wenye majivuno. Shaba ya maganda ni mchanganyiko wa takriban asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki, na sifa zake ni za kweli. Baruti ikilipuka, ganda hutanuka likagandamana na kuta za chemba, likaziba njia ili gesi isirudi nyuma. Shinikizo likishuka, linanywea kidogo na kutoka bila shida. Halipati kutu. Kama limeundwa kwa mfumo wa Boxer, wenye tundu moja katikati ya kitako, unaweza kusukuma fataki iliyokwisha kutumika, ukaweka mpya na kulijaza upya mara kadhaa hadi shingo yake ianze kupasuka.

Ila mwenye shaba akianza kukuhubiria kwamba madini yake hayana doa, mpeleke India enzi za ukoloni. Jeshi la Uingereza lilihifadhi risasi zake katika mazizi ya farasi wakati wa masika, na maganda yakapasuka yenyewe bila kuguswa. Chanzo kilikuwa amonia iliyotoka kwenye mkojo wa farasi. Shaba iliyofinyangwa na kubaki na mkazo ndani yake haistahimili amonia, jambo lililoelezwa vizuri na wanasayansi katika miaka ya mwanzo ya 1920. Ndiyo sababu wanaojaza maganda upya huonywa wasiyasafishe kwa dawa yenye amonia. Malkia wa maganda aliangushwa na mkojo, na mfuasi wake anapaswa kulijua hilo.

Chuma nacho kinadharauliwa bure. Kilianza kutumika kwa shida ya vita, kwa kuwa shaba nyekundu ni ghali na kila kiwanda kilikuwa kinaigombania. Wajerumani walitengeneza maganda ya chuma yaliyopakwa vanishi katika Vita Kuu ya Pili. Wamarekani walifanya hivyohivyo: kiwanda cha Evansville, Indiana, kilichoendeshwa na kampuni ya magari ya Chrysler, kilitoa risasi za .45 zenye maganda ya chuma kwa ajili ya jeshi. Warusi waliendelea nacho hata baada ya vita, na kwa miaka mingi risasi za viwanda vya Tula na Barnaul ndizo zilizokuwa za bei ya chini katika maduka ya Marekani.

Kasoro yake kubwa ni moja, na inaeleweka. Chuma ni kigumu kuliko shaba, kwa hiyo hakitanuki na kuziba chemba vizuri kiasi hicho. Moshi hupenya kati ya ganda na ukuta, masizi yanajikusanya. Piga mamia ya risasi za chuma, kisha ingiza ya shaba bila kusafisha chemba: shaba inatanuka juu ya masizi hayo na inaweza kunasa. Hapo ndipo hadithi ya vanishi huzuka. Utaambiwa kwamba vanishi ya ganda la chuma inayeyuka na kuwa gundi. Usibishane, mkabidhi msemaji brashi ya chemba na umwombe asugue. Kitakachotoka ni masizi.

Sasa tazama bunduki yako, kwa sababu ndiyo yenye kauli. Risasi ya 7.62×39, iliyobuniwa na Wasovieti mwaka 1943, ina ganda lililochongoka waziwazi kuelekea mbele. Likivutwa kidogo tu, linaachana na kuta za chemba pande zote. Bunduki ya AK ilijengwa kwa ajili yake, ina kulabu kubwa ya kuvutia ganda na inalichomoa kwa nguvu. Mwenye AK anayenunua shaba kwa mazoezi ya Jumamosi anatupa fedha, na namwambia hivyo kwa upendo. Ganda la .223 linaloingia kwenye AR-15 lina ubavu ulionyooka zaidi, hivyo linasuguana na chemba kwa safari ndefu kidogo wakati wa kutoka. AR nyingi hupiga chuma bila malalamiko, nyingine hukataa. Hakuna mzee wa kaunta awezaye kukuambia yako iko kundi gani. Nunua boksi mbili tu, ukapige, uone.

Turudi kwenye sumaku. Kila mtu huigusisha kwenye ganda, ikanasa, akatikisa kichwa kwa huzuni na kwenda zake. Amepima mahali pasipo na kesi. Igusishe kwenye kichwa cha risasi. Vichwa vingi vya Kirusi vya bei nafuu havina koti, yaani gamba la nje, la shaba nyekundu tupu; koti lake ni chuma laini kilichopakwa utando mwembamba wa shaba nyekundu. Sumaku ikinasa hapo, umempata mlaji wa mtutu wako. Koti hilo ndilo linalosugua mifuo ya ndani ya mtutu, na hulifanya hilo hata likipandishwa kwenye ganda la dhahabu.

Ushahidi upo. Duka la Lucky Gunner la Marekani lilichapisha mwaka 2013 matokeo ya jaribio la risasi 40,000 kwa bunduki nne za Bushmaster za aina ya AR-15. Moja ilipewa shaba ya Federal, tatu zikapewa chuma cha Kirusi: Wolf, Brown Bear na Tula. Ya shaba ilimaliza risasi 10,000 bila kukwama. Ya Tula ilishindwa mapema ikatolewa. Za Wolf na Brown Bear zilifika mwisho na kukwama kwa nadra, ila kufikia takriban risasi 6,000 mitutu yake ilikuwa imekwisha, haishiki tena shabaha. Wajaribu walielekeza macho kwenye makoti ya vichwa.

Wenye shaba husoma mpaka hapo, wakafunga kwa shangwe. Wafungue tena. Kwa bei za wakati ule, fedha iliyookolewa kwa kununua maelfu ya risasi za chuma ilitosha kununua mtutu mpya na zaidi. Kwa hiyo fanya hesabu kama muuza duka anavyofanya: chukua tofauti ya bei ya risasi moja, zidisha kwa 6,000, kisha linganisha na bei ya mtutu pamoja na ujira wa fundi. Kama hupigi hata risasi 500 kwa mwaka, mtutu wako utachukua miaka mingi kuzeeka, na swali lote halikuhusu.

Hesabu hiyo ilibadilika mwaka 2021. Agosti ya mwaka huo serikali ya Marekani ilitangaza vikwazo, vilivyoanza tarehe 7 Septemba, vya kuzuia vibali vipya vya kuingiza risasi za Urusi, kwa sababu ya kulishwa sumu kwa Aleksei Navalny, mwanasiasa wa upinzani wa Urusi. Mkondo wa chuma cha bei poa ukakauka. Ukikuta leo boksi la chuma lenye bei inayokaribia ya shaba, liache palepale, hata kama muuzaji ana tabasamu zuri. Sababu ya kununua chuma ni bei, na bei ikiondoka hakuna nyingine.

Uliza pia kanuni za uwanja wa shabaha kabla hujapakia gari. Viwanja vingi, hasa vya ndani ya majengo, hukataa kichwa chochote kinachonaswa na sumaku kwa sababu kinaharibu kuta za kuzuia risasi na kutoa cheche. Vingine hukataa ganda la chuma lenyewe, kwa kuwa wenye uwanja huokota shaba na kuiuza, na chuma kikichanganyika humo kinashusha bei. Na katika ardhi ya umma ya majimbo makavu kama Utah, vichwa vyenye chuma hupigwa marufuku msimu wa moto. Hapo usifanye utani. Cheche moja kwenye nyasi kavu inaweza kuunguza mlima.

Kama unapenda kujaza maganda upya, shaba haina mpinzani. Maganda mengi ya chuma hutumia mfumo wa Berdan, wenye matundu mawili madogo kitakoni, na fataki yake haisukumwi kwa sindano ya kawaida. Cha ajabu ni kwamba Berdan alikuwa Mmarekani na Boxer Mwingereza, na Marekani ndiyo iliyomkumbatia Boxer. Thamani ya ganda linaloweza kuokolewa ilionekana hata kwetu. Aprili 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilifukuzwa na manowari ya Uingereza hadi ghuba ya Manza, karibu na Tanga, ikazama na shehena ya jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki. Risasi zilizoopolewa zilikuwa zimeingia maji ya bahari. Zikafunguliwa, baruti ikakaushwa, zikasafishwa na kufungwa tena, kazi ya mikono kwa miezi. Baadhi ziligoma kulia baadaye, lakini nyingi zilirudi vitani.

Kwa mawindo, nunua shaba yenye kichwa cha kuwindia na usitafute punguzo. Mnyama anastahili risasi inayokwenda pale ulipolenga. Kwa AK ya mazoezi, chuma, ikiwa bado ni nafuu. Kwa AR, yale maboksi mawili yatakuamulia. Vyovyote utakavyochagua, hifadhi pakavu, maana ganda la chuma lililokwaruzwa rangi huota kutu. Na siku ukihama kutoka chuma kwenda shaba, sugua chemba kwanza, kisha ndiyo uingize risasi ya kwanza.