Ngeli za Safari ya Barcelona

Walimu wa sanaa wa Uingereza wanaopeleka wanafunzi Barcelona hupanga ratiba kwa wasanii: siku ya Gaudí, siku ya Picasso, siku ya Miró. Mpangilio huo unapendeza machoni, ila kitaalamu hauna mashiko. Makala haya yanadai kwamba safari ya aina hii hutawaliwa na ngeli, na kwamba asiyezijua atalala na njaa.

Ngeli ya A-WA tuipite haraka: wachoraji, wapiga picha, na wale waliofuata marafiki zao.

Ngeli ya LI-YA, ya majumba, ina kanuni moja kali, nayo ni Jumatatu. Siku hiyo jumba la Picasso hufungwa, na la Miró hali kadhalika. Mpangaji mjanja huihamishia Jumatatu yake MACBA, jumba la sanaa ya kisasa, anajipongeza, kisha ndege inachelewa na mambo yote yanasogea hadi Jumanne, siku ambayo MACBA nayo hupumzika. Wanafunzi hawaoni hasara. Uwanja ulio mbele ya jengo hilo jeupe la Richard Meier hujaa vijana wanaoruka na vibao vya magurudumu, na daftari zima linaweza kujaa viatu vyao.

Ngeli ya KI-VI ni ya vyakula, viti na, juu ya vyote, vyoo. Tiketi za kanisa la Sagrada Família na za Park Güell hutolewa kwa saa maalumu. Kundi la watu 30 likikutana na mkahawa wenye choo kimoja, hesabu yote ya saa inaishia hapo. (Kanisa lenyewe lilianza kujengwa mwaka 1882, na wanafunzi hulitaja kwa bidii kila kazi zao zinapochelewa.) Hata kile kiti kirefu cha Park Güell kinachojipinda kama nyoka, chenye vigae vilivyopangwa na Jujol, mshirika wa Gaudí, hukumbukwa zaidi kwa kupumzisha miguu. Anayeinama atakuta vipande vya sahani za kulia vimebandikwa humo, maua yake yakiwa yamekatwa katikati. Wengi huwa wamevikalia.

Sasa tufike kwenye kiini cha utafiti: PA-KU-MU. Mwalimu anayehesabu vichwa hatafuti idadi tu. Anataka kujua kama mtoto yupo, yuko au yumo. Aliyepo anaonekana. Aliyeko ametuma ujumbe kwamba anakaribia. Aliyemo yumo dukani anachagua sumaku ya friji yenye mjusi wa Gaudí, na huyo ndiye wa kuogopwa, maana bado ana pesa.

Mtaa wa Eixample huzidisha utata. Katika mpango wake wa mwaka 1859, Ildefons Cerdà alizikata pembe za vitalu vya majengo ili njia panda ziwe pana na vyombo vya usafiri vigeuke bila taabu. Basi kila njia panda ina kona nne zinazofanana, na agizo la "tukutane kwenye kona" lina majibu manne sahihi.

Lakini aliyeivuruga ngeli hii kabisa ni Mies van der Rohe. Banda lake la Ujerumani la maonyesho ya mwaka 1929 lilibomolewa baada ya maonyesho, likasimamishwa upya na kukamilika mwaka 1986. Kuta zake za mawe na vioo hupishana bila kufunga chumba. Unaupita ukuta wa oniksi, unatahamaki uko ukingoni mwa kidimbwi, mbele ya sanamu ya Georg Kolbe, juu yako mbingu tupu, chini sakafu ileile ya mawe. Sheria ya safari inasema anayetoka nje sharti aage. Mwanafunzi akigombezwa pale atajibu, "Mwalimu, mbona sijatoka?" Mwalimu atageuka kutafuta mahali nje ilipoanzia, atakosa, na kwenye fomu yake ataandika: yupo.