Pembetatu Nyekundu na Salfa ya Mama Mkwe

Gari letu dogo la haibridi lilifika Masasi likiwa limekwisha kula chumvi nyingi huko Japani, na ndani yake mlikuwa na mwanamke. Kila ukiliwasha anaongea Kijapani kwa sauti ya upole, kama karani anayekuomba radhi. Watoto wakamwita Shangazi. Asubuhi wakipanda kwenda shule walimjibu, "Shikamoo, Shangazi," safari ikaanza. Mwaka mzima hatukujua anasema nini. Baadaye tukaambiwa alikuwa akilalamika kwamba kadi ya kulipia barabara za huko kwao haijawekwa. Basi tulikuwa tunadaiwa ushuru wa Japani huku tunakwepa mbuzi wa Masasi! Tulicheka sana, lakini nyumba ilikwisha kuzoea kwamba gari likisema neno, dawa yake ni kuliamkia na kuondoka.

Haibridi ina injini ya petroli na mota ya umeme, na betri mbili. Ndogo ni ya volti 12, kama ya gari dogo lolote. Kubwa, inayosukuma mota, ina zaidi ya volti 100. Ile kubwa ya gari letu huichomeki ukutani: injini huijaza, na ukikanyaga breki au ukiteremka mlima inajazwa pia. Hapo ndipo majivuno yangu yalipoanzia. Kutoka Newala kurudi Masasi unateremka ukingo wa nyanda za juu za Makonde, nami niliwaonyesha abiria vijistari vya betri vikiongezeka. "Mnaona? Mlima unatulipa."

Siku moja mke wangu akauliza, "Na tukipanda?"

Sikumjibu.

Kisa cha kwanza kilikuwa kidogo. Mtoto wa shemeji alitoka jandoni, na gari letu likapewa kazi ya muziki. Halikuunguruma hata kidogo, kwa hiyo kila mtu aliamini halili kitu. Alfajiri nilipobonyeza kitufe, taa za dashibodi ziliwaka zote, zikapepesa, kisha giza. Mjomba akasema limerogwa. Mimi nikasema betri kubwa imekufa. Kumbe ni ile ndogo, imepiga ngoma usiku kucha bila injini kuisaidia. Tuliazima umeme kwenye pikapu ya jirani, likaamka. Funzo lilikuwa wazi: betri ndogo ikiishiwa nguvu, kompyuta za gari hupayuka. Mimi nikaondoka na funzo langu jingine, kwamba taa huja na kuondoka zenyewe.

Kisha ukafika msimu wa kupuliza salfa. Asiyetoka kusini ajue kwamba mkorosho una adui anayeitwa ubwiriunga, na silaha ya siku nyingi dhidi yake ni unga wa njano wa salfa, unaopulizwa mapema asubuhi kabla upepo haujaamka. Mama mkwe ana mikorosho yake Newala. Nikapakia mifuko minne ya kilo 25, miwili kwenye buti na miwili kiti cha nyuma, nikaisukuma mpaka pembeni isianguke. Mmoja ulikuwa na tundu. Gari likanuka kiberiti, tukafungua vioo, tukapanda, tukashusha mzigo, tukarudi.

Tulipokuwa tunarudi, pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao ikawaka katikati ya dashibodi, na chini yake mstari wa Kijapani. "Shikamoo, Shangazi," mtoto akasema nyuma. Mke wangu hakucheka. Aliupiga picha ule mstari, simu ikautafsiri: kagua mfumo wa haibridi.

Gereji wakachomeka mashine yao chini ya usukani. Ikatoa P0A7E, msimbo wa betri kubwa kuzidi joto. Fundi akaitazama skrini kama hakimu. "Betri imekufa, mzee." Akataja bei ya nyingine. Niliipiga hesabu kwa magunia ya korosho, magunia yakaisha hesabu haijaisha. Nikamwomba afute kosa, akalifuta, nikalipa, nikaenda zangu. Siku ya tatu pembetatu ikarudi. Nikachukua plasta kwenye kisanduku cha dawa, nikaibandika juu yake.

Mke wangu aliiona plasta. "Mficha maradhi," alianza, akaniachia nimalizie mwenyewe.

Salfa haipulizwi mara moja ikatosha, na awamu ya pili ilipofika nikapakia tena mifuko minne, kulekule. Katikati ya mpando wa Newala gari likaanza kupoteza nguvu. Nakanyaga mafuta, linajikongoja. Bodaboda iliyobeba mkungu wa ndizi na abiria wawili ikatupita, na abiria wa nyuma akatupungia mkono. Nikaegesha. Kupitia plasta mwanga mwekundu ulionekana kama jipu.

Joto, nikawaza, ni maji. Nikafungua boneti. Mke wangu akapiga kelele nisiguse kifuniko cha rejeta ya moto, basi nikachukua dumu la maji ya kunywa nikaimwagia rejeta kwa nje hadi nusu ya dumu ikaisha. Haikusaidia kitu. Shemeji, aliyekuwa na spana mfukoni kwa sababu huwa nayo, akaona nyaya nene za rangi ya chungwa. "Hizi ndizo zenye tatizo," akasema, akainama. Mke wangu akamvuta shati kwa nyuma. Rangi hiyo haikuwekwa kwa urembo. Ni alama ya umeme mkubwa, na mkono usio na mafunzo wala vifaa hauingii hapo.

Tulipumzika chini ya mkorosho karibu saa nzima, kisha tukapanda taratibu hadi nyumbani kwa mama mkwe. Alitupokea na khanga mabegani kwa baridi ya Newala, akauliza habari ya njia, akatazama dumu. Huyu ni mama aliyekulia juu ya uwanda usio na maji, aliyeteremka bondeni na mtungi tangu msichana na kupanda nao kichwani. Nikamweleza.

"Maji umelinywesha gari?" akauliza.

"Nililimwagia kwa nje, mama."

Akaingia ndani bila neno. Afadhali angenitukana.

Usiku mke wangu akampigia mwanafunzi mwenzake wa zamani, fundi wa haibridi huko Mtwara. Nilitegemea aulize msimbo. Akauliza, "Shemeji, kiti cha nyuma mmeweka nini?"

Kukawa kimya. Mke wangu akanitazama.

Tulichoambiwa ndicho kilichonikalia moyoni mpaka leo. Betri kubwa ya gari kama letu hainywi maji, inavuta hewa. Pembeni mwa kiti cha nyuma kuna tundu lenye vipasuo, na nyuma ya tundu kuna feni inayonyonya hewa ya humo ndani ya gari kuipooza betri. Mimi nilikuwa nimeliegemezea kilo 50 za salfa, kisha nikaidai betri inipandishe mlima.

Asubuhi, gari limezimwa na limepoa, tulibandua kifuniko cha plastiki kama tulivyoelekezwa. Kichujio cha tundu hilo hakikuonekana. Palikuwa na kitu kama blanketi. Mke wangu alilichambua kwa brashi ya rangi, kipande kwa kipande, sauti ikiwa ya mwalimu anayesahihisha daftari: nyoya la jogoo tuliyepewa Krismasi, vumbi jekundu la Masasi, ganda la korosho, nywele za binti yetu za siku ya kusukwa, na juu ya vyote salfa, imegandamana njano kama ugali wa jana. Mama mkwe alikuja kutazama. "Sasa nani angepumua humo?" akasema.

Mchana tukalijaribu hadi Shimo la Mungu, pale ukingoni ambapo unaona bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake. Feni ilivuma taratibu nyuma ya kiti, sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Nguvu zilirudi. Masasi fundi wa kwanza alifuta kosa kwa mashine ileile, na halijarudi. Wa Mtwara alituonya kwamba joto huzeesha betri, hivyo huenda nimeila miaka yake kadhaa.

Kosa la yule fundi wa kwanza lilikuwa langu pia: mashine ilisema betri ina joto, tukasikia imekufa. Taa hukuonyesha panapouma. Kwa nini panauma, mara nyingi anajua aliyepakia mzigo. Kwa hiyo wewe uliyenunua haibridi ya mtumba, kabla hujanunua kava za viti, tafuta lile tundu, lisafishe, usiweke kitu mbele yake. Taa nyekundu ikiwaka, simama pazuri kwanza. Ya njano, usiilaze wiki. Na plasta iache kwenye kisanduku cha dawa.

Salfa ya mama mkwe siku hizi inapanda Newala kwa lori la mizigo. Nauli nalipa mimi.