Mwongozo wa Jirani wa Mtaa wa Highrise, Nairobi, Anayekwenda Kuona Maji Yanakotoka

Anza kwenye ngazi. Siku ambayo maji yameshindwa kupanda hadi ghorofa yako, teremka na mtungi wa lita ishirini, ujaze, kisha upande nao bila kuutua njiani. Ukifika juu na bado una pumzi ya kumjibu mama wa mlango wa pili aliyekujulia hali, uko tayari kwa safari. Ukimjibu kwa kutikisa kichwa tu, endelea na mazoezi wiki mbili zaidi.

Mtungi huo ndio sababu ya safari yenyewe. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, linalolishwa na mito ya Thika, Githika na Kayuyu, na mengine hutoka bwawa la zamani la Sasumua. Yote mawili yamekaa chini ya mlima mmoja. Ramani huuita Aberdare, kwa kuwa mwaka 1884 msafiri Joseph Thomson aliupa jina la Lord Aberdare, mkubwa wa chama cha wanajiografia cha London. Wenyeji walikuwa na jina lao tayari: Nyandarua, ngozi iliyoanikwa. Litumie hilo kwenye matatu na wazee watakusogezea kiti.

Viatu vipate soko la Toi, pale jirani. Usitazame rangi. Pindua kiatu utazame nyayo zake. Ikiwa ni laini kama sahani, mrudishie mwenyewe kwa heshima. Chukua pia sweta, koti la mvua, chapati, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai.

Mkiwa wengi na mna akiba, kodisheni gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne muingie mbuga ya Aberdare yenyewe, iliyotengwa mwaka 1950. Lipeni mapema kwa eCitizen, na vitambulisho msivisahau, maana mwananchi halipi sawa na mgeni. Humo kuna maporomoko ya Karuru, mita 273 kwa ngazi tatu, na ndani ya msitu wa kale anajificha bongo, mnyama mwekundu mwenye mistari myeupe, ambaye porini wamebaki wachache mno. Huenda usimwone. Nenda hata hivyo. Mtu haendi kwa jirani kwa sababu ya kuhesabu watoto wake.

Mwenye nauli tu ashike barabara ya Naivasha, ashuke Flyover, apande gari la Njabini. Soko Mjinga atalipita njiani. Kabichi za pale ni kubwa na bei yake inashawishi, lakini azinunue wakati wa kurudi, asije akapanda mlima na kabichi mgongoni. Njabini, jiandikishe kwenye kituo cha msitu, lipa, uongozane na askari. Hili usilifanyie mjadala. Nyati hajui kwamba wewe umelipa.

Njia ya kwenda Elephant Hill, kilele unachokiendea, huingia kwenye mianzi, na hapa nakuomba upunguze mwendo. Mianzi imesongamana hadi mchana unakuwa wa kijani. Chini ni matope. Utashika shina la mwanzi ili usianguke, na litakumwagia kichwani maji yote ya mvua ya jana. Pokea. Hayo ni yale yale ya mtungi wako, umeyakuta kabla hayajatiwa kwenye bomba. Simama usikilize: mianzi husuguana na kulia kama milango ya nyumba kubwa. Katika milima hii walijificha wapiganaji wa Mau Mau, miaka, kwenye baridi hii hii, bila sweta la Toi. Kiongozi wao, Dedan Kimathi, alikamatwa ukingoni mwa msitu, upande wa Nyeri, Oktoba 21, 1956. Zima muziki wa simu.

Juu ya mianzi kuna mahali wapandaji wamepaita Point of Despair, pa kukata tamaa. Panafaa sana kwa chai. Kichwa kikianza kugonga, usione haya kurudi. Kilele kimepita mita 3,600, na sisi tumezoea kulala kwenye 1,700 hivi. Ukifika juu na mawingu yakakupa nafasi, tafuta Sasumua huko chini, bwawa linalong'aa kati ya mashamba ya viazi. Kama umemleta mtoto, mtazame anapoelewa yanakotoka maji yanayomng'arisha uso.

Mwambie na hili mkiwa mmekaa pale. Wanubi, askari wa zamani walioanza kukaa tunapoishi leo mwanzoni mwa karne iliyopita, walipaita Kibra, maana yake msitu. Nyumba zetu zilisimama kwenye msitu uliokatwa. Huu wa mlimani bado upo kwa sababu watu waliuzungushia uzio wa umeme wa kilomita 400 hivi, kazi iliyoanza mwaka 1989 na kumalizika 2009, na kwa sababu wengine walipanda miti kwa mikono yao.

Utafika nyumbani usiku, matope hadi magotini, kabichi kwapani. Usilale kwanza. Acha mfereji wa jikoni wazi na mtungi chini yake. Saa nane hivi mfereji utakohoa mara mbili, utatema hewa, kisha maji yatakuja, baridi.