Namna ya Kumwita Bwana Cholmondeley Ukiwa Ngagara

Siku yako itafika. Shirika unalolifanyia kazi litaleta mgeni kutoka Uingereza, hafla itafanyika katika ukumbi mmoja wa Ngagara, hapa Bujumbura, na kwa kuwa wewe ndiye uliyewahi kuishi Nairobi, utakabidhiwa maikrofoni na karatasi ya majina. Mistari miwili ya mwanzo itapita salama. Wa tatu umeandikwa: Bwana Cholmondeley.

Usikohoe. Watu wa huku wamehudhuria harusi nyingi mno. Kikohozi cha mshereheshaji wanakijua maana yake.

Usiite shule ikusaidie pia, maana ndiyo itakayokuzamisha. Sisi tuliolelewa na Kifaransa tukiona "ch" tunasema "sh", na mwisho wa jina tunaupandisha kwa madaha: Sholmondele! Linapendeza, linanukia hata manukato, ila si la huyo bwana. Jirani yako wa meza atalivuta upande wa Kirundi. "Ch" itabaki "ch", kila "l" itageuka "r", na kila konsonanti iliyo peke yake itatafutiwa irabu ya kuishi nayo. Atapata Chorumondereyi. Hapo tahadhari, kwa sababu jina hilo limekamilika kiasi kwamba mama mmoja wa nyuma atauliza huyo Chorumondereyi ni wa kwa nani, wa Ngozi au wa Kayanza.

Wenyewe husema Chamli.

Ndiyo, basi. Herufi 12, silabi mbili. Zile nyingine hazikuibwa. Ni za kuangaliwa tu, kama vyombo vya kabatini ambavyo mama hataki mtu avilie chakula. Jina limetoka katika kijiji cha Cheshire, kaskazini magharibi mwa Uingereza, na kwa karne nyingi ndimi za watu zimekuwa zikilikata huku kalamu ikikataa kufuata. Wapo waliozidi. Ukoo wa Featherstonehaugh una herufi 17, na wengi wao huitika ukisema Fansho.

Ikiwa utajifariji kwamba mkasa huu haujawahi kufika Afrika Mashariki, umechelewa. Yule Lord Delamere wa Kenya, mkuu wa masetla aliyezaliwa 1870 na kufariki 1931, kwao aliitwa Hugh Cholmondeley. Delamere ni cheo chake cha ubaroni, na cheo ndicho kilichobandikwa kwenye barabara kubwa ya Nairobi mpaka ilipopewa jina la Kenyatta. Nadhani ni huruma pekee ambayo ukoloni uliwahi kumfanyia kondakta. Mfikirie amening'inia mlangoni, abiria wanasukumana, naye anaita "Cholmondeley, mmoja, Cholmondeley!" Gari lingejaa watu wasiojua wanakokwenda.

Sasa mtihani wa pili, ambao ni wa uonevu mtupu. Karatasi yako inaweza kuwa na Beauchamp. Moyo utatulia: hili nalijua, ni Kifaransa! Utalisema kwa ufasaha wote wa kidato cha sita, "Bosham", na Mwingereza atatabasamu kwa upole na kukusahihisha: Bicham. Jina ni la Kifaransa kweli, lilivuka bahari na Wanormani, likafika kule likavunjwa mbavu. Usibishane. Kumfundisha mtu jina lake mbele ya wageni walioshika bia baridi ya Primus hakujamsaidia yeyote kupanda cheo.

Kinachotutesa hapa Ngagara ni kwamba tumezoea kuzitendea haki herufi. Wazee bado wanauita mtaa huu OCAF, kwa herufi za ofisi ya Wabelgiji iliyozijenga nyumba hizi miaka ya 1950, nao huzisoma kama neno moja, Okafu, bila kuiacha hata moja nje. Vijisehemu vyake hatukuvisumbua kwa majina. Vina namba, Kartie ya 2, Kartie ya 5, na mtu hufika kwake bila kuuliza herufi ipi iko likizo.

Tena sisi tunatamka hata zile ambazo hazikuandikwa. Msikilize Mrundi akimtaja Rwagasore, shujaa wa uhuru: baada ya "r" kuna "g" inayopita haraka, hutaiona kwenye sanamu wala kwenye vitabu vya shule. Bwiza, kartie ya ng'ambo kidogo, hutamkwa na wenyeji karibu na Bgiza. Na "k" ya Nkurunziza wala si "k". Ni pumzi inayotokea puani. Mwingereza anaandika kingi na kusema kidogo, Mrundi anasema zaidi ya alichoandika, na wewe umesimama katikati na maikrofoni inayopiga mluzi.

Hivyo lipiza kisasi kwa adabu. Hafla ikiisha, mpeleke mgeni kwenye mishikaki umwombe ataje wachezaji wa mpira wa Burundi. Mwanzishie Ntibazonkiza. Asipolimudi, mwambie hayuko peke yake: watangazaji wa Tanzania walimwita Saido tu, naye msimu wa 2022/23 akiwa Simba alimaliza mfungaji bora sambamba na Fiston Mayele wa Yanga, mabao 17 kila mmoja. Wakati huohuo Amissi Tambwe, Mrundi mwenzake aliyewahi kufungia Simba na Yanga, alitajwa kwa jina lake bila jasho. Wapo wanaobahatika.

Akishashiba, mkaribishe nyumbani, lakini mwonye mapema asije akawaita mwenye nyumba na mkewe kwa jina moja la ukoo. Kwake jina hurithiwa kama kiwanja. Huku baba ana lake, mama lake, na watoto wanne wanaweza kuwa na majina manne yasiyofanana, kila moja likibeba neno ambalo wazazi walitaka Mungu au jirani alisikie mwaka ule. Ataomba orodha. Mpe, na umwandikie kila "g" isiyoonekana.

Usiku ukisonga, Bwana Cholmondeley atachoka na heshima hizi zote na kukuambia kwa ukarimu umwite kwa jina lake la kwanza. Usishangilie kabla hujalisikia. Katika ukoo huo akina Hugh ni wengi, na Hugh ina herufi nne ambazo mbili za mwisho hazitamkwi.